Tulianza na Mdomo

Dawa ya kwanza niliyofundishwa kumpa mgonjwa wa UKIMWI ilikuwa maji ya chumvi. Tuliyachemsha alfajiri, tukayaacha yapoe, tukayatia kwenye bakuli, kisha tukaviringisha kipande cha shashi kidoleni na kumwomba mgonjwa apanue kinywa. Humo ndani ulionekana utando mweupe, mzito, umetanda ulimini na kwenye kaakaa hadi kooni, na pembe za midomo zimechanika. Wengi wakisimulia miaka ile husimulia jinsi watu walivyokonda. Mimi huanza na mdomo, maana kukonda kwenyewe mara nyingi kulianzia hapo. Mgonjwa hakukosa chakula. Mama yake alikuwa ameketi kando ya kitanda na sufuria ya ndizi zilizopondwa zikalainika. Alichoshindwa ni kumeza.

Hiyo ilikuwa Kagera, mwishoni mwa miaka ya 1980. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, na nilipopangiwa kazi huko, binti mwenye cheti kipya cha uuguzi, ugonjwa ulikuwa umeshazagaa vijijini. Wenyeji waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivuka mpaka na wafanyabiashara wa magendo, au silimu, kama walivyouita majirani wa Uganda. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, biashara ya mpakani ikawaka, na vijana wenye fedha ndio waliotangulia kuugua. Wakafuata wake zao, halafu watoto wachanga. Watu walisema ni uchawi wa Waganda waliodhulumiwa mali zao, na ukitazama ni nani aliyeanza kufa, utaelewa kwa nini maelezo hayo yaliwaingia akilini.

Wodi ya wanaume ilijaa hadi koridoni. Vitandani walilala mzungu wa nne, na waliochelewa kufika walitandikiwa mkeka sakafuni. Glovu zilikuwa za kuhesabu. Tulizifua, tukazianika, tukazipaka poda, zikachemshwa tena, na zile nzima tuliwaachia wenzetu wa leba. Baadhi ya wauguzi waliomba uhamisho. Wengine walibaki lakini waliacha sahani ya chakula mlangoni na kuondoka haraka. Siwalaumu, kwa kuwa hofu ile ilikuwa ya kweli na hakuna aliyekuwa ametueleza vya kutosha. Aliyetuokoa ni sista wa wodi, mama wa Kihaya mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kuharakisha jambo. Alitukusanya wasichana wapya akatuambia, "Wanangu, damu iogopeni, mtu msimwogope." Kisha akakunja mikono ya gauni, akamwinua kijana aliyekuwa amejichafua, akamwosha mbele yetu toka utosini hadi kwenye nyayo, akiongea naye habari za mvua na kahawa za kwao.

Yeye ndiye aliyetufundisha mpangilio wa mdomo. Kwanza maji ya chumvi, kabla ya chakula, ili utando uliolegea utoke na maumivu yapungue. Halafu uji wa uvuguvugu usio na limau wala pilipili, kijiko kimoja kimoja, mgonjwa akiwa ameketi, hata kama kuketi kwenyewe ni kuegemea kifua chako. Dawa huja baada ya chakula, ili isioshwe na uji. Ikiwapo nistatini, aizungushe mdomoni kwa muda kabla ya kuimeza. Isipokuwapo, tulipaka jivii, ile dawa ya zambarau, na wodi nzima ikawa na watu wenye midomo ya rangi hiyo. Mgonjwa akisema chakula kinakwama kifuani na kinauma kikishuka, tulijua fangasi wameteremka kwenye umio, na huko mikono yetu haikufika. Flukonazoli, dawa ya kuwafikia huko, tuliisoma vitabuni tu.

Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba kabla ya dawa za kufubaza virusi hapakuwa na tiba. Ni kweli kwa virusi vyenyewe, si kweli kwa mgonjwa. Virusi hubomoa kinga, lakini wanaoingia kuua ni wengine: kifua kikuu, fangasi, nimonia, kuhara kusikokoma. Kila mmoja wa hao ana njia yake ya kukabiliwa, na nyingi ya njia hizo zilikuwa mikononi mwa muuguzi. Mtu aliyetunzwa mdomo alikula. Aliyekula alipata nguvu ya kugeuka kitandani. Aliyegeuka hakuoza mgongo. Tuliwaongezea watu miezi, wengine mwaka na zaidi, na nimeona miezi hiyo ikitosha mtu kuandika wosia, kumwozesha binti, au kurudi kijijini kufa kwenye nyumba ya baba yake alivyotaka.

Kuhara ndiko kulikotuchosha kuliko yote. Pakiti za chumvi zikiisha tulichanganya wenyewe: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Kikombe kila baada ya kwenda choo, na katikati vijifunda vidogo vidogo. Chini ya shuka tulitandika mpira, na juu ya mpira kanga kuukuu ambazo ndugu walizifua kila siku. Ngozi iliyoloa ikiachwa huchubuka, na mchubuko wa kiunoni kwa mtu asiye na nyama hufika mfupani upesi. Kwa hiyo tulimwosha, tukamkausha kwa kubonyeza bila kusugua, tukampaka vaselini, tukamgeuza kila baada ya saa mbili. Sabuni ilikuwa adimu. Nakumbuka mabishano makali zaidi na mtunza stoo kuhusu sabuni kuliko kuhusu dawa yoyote.

Usiku muuguzi alikuwa mmoja kwa wodi nzima. Kazi ya kugeuza kila baada ya saa mbili ilishikwa na akina mama waliolala chini ya vitanda vya watoto wao. Palikuwa na bibi mmoja mwembamba, mfupi, aliyekuwa akimuuguza mwanawe wa tatu baada ya kuwazika wawili. Hakuwa na saa. Aligeuza mgonjwa wake kwa kusikiliza: jogoo wa kwanza, adhana ya alfajiri kutoka mjini, kengele ya kanisa. Alikuwa na mbinu ya kumvuta kwa shuka badala ya kumvuta kwa mkono, ili ngozi isikwaruzwe, na nilipomuuliza nani kamfundisha alijibu, "Nimejifunza kwa yule wa kwanza, aliumia sana." Mwanawe huyo wa tatu alifariki bila kidonda hata kimoja mgongoni. Bibi akakunja mkeka wake, akatuaga sote mmoja mmoja, akaenda kulea wajukuu.

Kifua kikuu kilikuwa mlango wa pili wa mauti. Tanzania ilikuwa na mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma tangu mwaka 1977, uliojengwa kwa ushauri wa daktari Karel Styblo, na dunia nzima ilikuja kujifunza kutokana na mpango huo: mgonjwa anameza dawa mbele ya mhudumu, kila kidonge kinaandikwa. Tulijivunia. Kisha UKIMWI ukaja na wagonjwa wa kifua wakaongezeka mwaka hadi mwaka, na wengi hawakukohoa kama vitabu vilivyosema. Makohozi yao hayakuonyesha kitu kwenye hadubini. Walikuwa na homa za jioni, jasho la kuloanisha shuka, na tezi shingoni.

Kati ya dawa za kifua za wakati huo ilikuwamo thiasetazoni. Ilikuwa ya bei nafuu na ilifaa, ila kwa wenye VVU ilileta jambo la kutisha. Siku chache au wiki kadhaa baada ya kuanza, mtu angewashwa, macho yakawa mekundu, midomo ikavimba, na ngozi ikaanza kuachana na mwili kama ya aliyemwagiwa maji ya moto. Kumvisha shuka ya pamba ilikuwa mateso, kwa sababu ilinata. Sista alituma watu shambani wakate majani machanga ya mgomba. Tuliyaosha, tukayapitisha kwenye mvuke hadi yalainike, tukamlaza juu yake. Jani la mgomba halinati kwenye kidonda. Macho tuliyasafisha kwa maji ya chumvi kila saa ili kope zisishikane, na mdomo vilevile. Baadhi walipona. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilielekeza dawa hiyo isitumike kwa wenye VVU, na nilishukuru siku niliyoyatoa makopo yake kabatini.

Jambo gumu zaidi lilikuwa kusema. Kwenye faili tuliandika vifupisho ambavyo ndugu wasingevielewa, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe hakuambiwa. Daktari alimwita kaka mkubwa pembeni. Mke akasikia kwa shemeji, au hakusikia kabisa. Naona hadi leo kwamba hapo tuliwakosea wanawake wengi, sisi wote kama taaluma na kama jamii, kwa kuwa mke aliyemwosha mume wake kwa miezi alistahili kujua kabla ya yeye mwenyewe kutokwa na mkanda wa jeshi. Ushauri nasaha ulikuja taratibu. WAMATA, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1989, ilikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kukaa na mgonjwa na familia yake na kuzungumza waziwazi. Tulipopata mafunzo ya namna hiyo nilijifunza kuketi kitandani, kunyamaza, na kumwacha mtu aulize la kwanza yeye. Karibu wote waliuliza swali lilelile: nani atawalea watoto.

Kulikuwa na ugonjwa mmoja uliotufunza kuwa kuuguza ni kushawishi. Mtu aliletwa akiwa na maumivu ya kichwa ya wiki tatu, anatapika, mwanga unamuumiza, shingo imekaza kidogo au haikukaza kabisa. Wengine walianza kuropoka wakapelekwa kwa waganga kama wenye mashetani. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aitwaye kriptokoka. Ili kuijua ilibidi kutoa maji ya uti wa mgongo, na vijijini watu waliamini kwamba sindano ile ndiyo inayoua, maana waliokuwa wakitolewa maji walikufa. Walikufa kwa kuchelewa kuletwa, lakini nenda kamweleze hivyo mama aliyeona jirani yake akibebwa.

Nilikuwa nikiketi naye, nikimwita mama, nikimchorea mgongo kwenye karatasi: uti unaishia hapa, sindano inaingia huku chini, ambako hakuna uti wa kuchomwa. Akikubali, kazi yangu ilikuwa kumshika mgonjwa. Anajikunja ubavuni, magoti yanakaribia kidevu, nami nimemkumbatia shingo na nyuma ya magoti, nikimwambia kila kinachofuata kabla hakijafuata. Hatukuwa na kipimo cha mgandamizo. Daktari aliunganisha mrija wa dripu, tukauinua wima na kusoma kwa rula. Maji yalipaswa kusimama chini ya sentimita 20 hivi. Kwa wagonjwa hawa yalipanda yakapita mwisho wa rula. Tone la maji hayo likichanganywa na wino mweusi chini ya hadubini, fangasi walionekana kila mmoja na duara jeupe la kumzunguka.

Na hapa niseme kilichonifanya niipende kazi hii hadi nastaafu. Yakishatolewa maji kiasi, mgonjwa aliyekuwa ameshika kichwa kwa siku nyingi aliweza kufumbua macho hapohapo kitandani. Mmoja aliniuliza, "Sista, hiyo redio ni ya nani?" Ilikuwa ikilia siku zote na hakuwahi kuisikia. Tulirudia kutoa maji kesho yake na keshokutwa, kila mgandamizo ulipopanda, na mama aliyeogopa sindano ndiye aliyekuja kuniita: mwanangu ameanza tena kushika kichwa, njooni mumtoe maji.

Dawa ilikuwa mtihani mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Pfizer ilianza kutoa flukonazoli bure kwa nchi maskini, na hatimaye ile dawa ya vitabuni tukaishika. Amfoterisini, iliyo na nguvu zaidi, tuliipata kwa nadra. Inaning'inizwa ndani ya maji ya sukari tu, kwani ikikutana na ya chumvi huganda. Huenda polepole kwa saa nyingi, na mgonjwa hutetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta. Mablanketi, parasetamoli kabla ya kuanza, maji ya chumvi kwanza kulinda figo, na kuangalia mkojo kila saa. Hushusha potasiamu mwilini, na vidonge vya potasiamu vikikosekana tuliwaambia ndugu walete ndizi mbivu, ingawa tulijua hazitoshi.

Mwishoni mwa mwaka 1999 Rais Benjamin Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure na serikali, kwanza hospitali kubwa, baadaye wilayani. Wakati huo ilibidi CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga, ishuke chini ya 200 ndipo uanzishiwe, au uwe na magonjwa ya hatua ya nne. Watu walikuja kliniki na msaidizi wa kuwakumbusha dawa, wakahudhuria mafunzo, wakala kiapo cha kutoacha. Nilimwona mwalimu aliyeletwa kwa baiskeli, amefungwa kwa kanga kiunoni asianguke, akirudi baada ya miezi michache akiendesha baiskeli ileile. Tulilia siku hiyo ofisini, mlango umefungwa.

Lakini dawa hizo zilileta kazi mpya ya uuguzi ambayo wengi hawakuitarajia. Kinga inapoamka baada ya kulala muda mrefu, huanza kupigana na magonjwa yaliyojificha, na mgonjwa huzidiwa wiki chache baada ya kuanza vidonge. Tezi huvimba, homa hupanda, kifua kikuu ambacho hakikuonekana hujitokeza. Kijijini wakasema dawa zinaua. Tulipita nyumba kwa nyumba kueleza. Kwa mwenye kriptokoka ubongoni tulikuja kujifunza kusubiri wiki nne hadi sita za dawa ya fangasi kabla ya kuanza vidonge, kwa kuwa kuharakisha kulimuua. Na vidonge vya mwanzo vyenye stavudini viliwaachia watu ganzi miguuni na mashavu yaliyobonyea, hata jirani akawajua kwa kuwatazama. Wengine waliacha kwa aibu hiyo tu.

Leo ni kidonge kimoja kwa siku, chenye dolutegraviri, na tangu mwaka 2016 mtu anaanza anapopimwa tu, bila kungoja CD4 ishuke. Anayemeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Tone moja la damu linaonyesha kriptokoka kabla kichwa hakijauma. Mkojo wa mgonjwa aliyedhoofika unaweza kuonyesha kifua kikuu ndani ya nusu saa. Vitu hivi sista wetu hakuviota.

Hata hivyo wodi hazijawa tupu. Wanaoletwa sasa wengi si wageni wa dawa, ni waliowahi kuanza wakaacha: aliyehamia mgodini, aliyeolewa na kuficha vidonge, aliyeambiwa kwenye maombi kwamba amepona, aliyesikia habari za tiba mpya inayovuma. Januari 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watumishi wengi waliokuwa wakiwafuatilia watu hao majumbani walipoteza ajira. Na wauguzi vijana wanaowapokea ni hodari wa kompyuta na vipimo, ila baadhi hawajawahi kuona kinywa kilichojaa fangasi, wala hawajui kwamba anayemeza rifampisini ya kifua kikuu anahitaji dolutegraviri mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Nikialikwa chuoni kuzungumza nao, sichukui slaidi. Nachukua bakuli, shashi na chumvi, tunafanyiana mdomo sisi kwa sisi.

Nawaomba jambo moja zaidi, na hapa nasema pia na ndugu wa wagonjwa. Anayerudi baada ya kuacha dawa asikaripiwe. Anayajua makosa yake kuliko sisi, na ukali wa dirisha la mapokezi umewarudisha wengi nyumbani kufa. Mpeni kiti, mpimeni uzito, muulizeni kama anakohoa, anatoka jasho usiku, anaumwa kichwa.

Nawe uliyeacha vidonge ukisoma hapa, mwezi uliopita au miaka mitano iliyopita, rudi kliniki wiki hii. Faili lako bado lipo. Kama kichwa kinauma siku nyingi, au kikohozi kimepita wiki mbili, au kumeza kunauma, usianze mwenyewe vidonge vilivyobaki nyumbani. Nenda leo, mwambie muuguzi ukweli wote, na umwombe akuangalie hayo kwanza.